Andika saa: jinsi ya kutoa maoni yatakayobadilisha dharura ya kituo chenu

Sanduku la maoni la kituo chetu cha afya lilikuwa na kufuli na ufunguo haujulikani uko wapi. Aliyekuwa nao alihamishwa, aliyemrithi anasema hakukabidhiwa, basi siku naingia kwenye kamati ya kituo kazi yetu ya kwanza ikawa kuvunja kufuli. Ndani tukakuta karatasi thelathini na kitu, nyingine zimeshaliwa na mende, na mojawapo ilikuwa ya kwangu. Niliiandika usiku mmoja nimetoka kukaa dharura masaa matatu na mtoto wa dada yangu aliyebanwa na pumu, nina hasira mpaka mkono unatetemeka, kwa herufi kubwa HUDUMA MBOVU HAMNA UTU MNATUUA. Ikasomwa mbele ya wenzangu nikaona aibu, sio kwamba nilidanganya, ila pale mezani hakuna aliyeweza kufanya chochote na maneno hayo. Huduma ipi? Siku gani? Nani hakuwepo? Hata mimi mwenyewe tarehe nilikuwa siikumbuki tena.

Karibu zote zilikuwa za hivyo, "mbovu", "asanteni Mungu awabariki", "manesi wana majibu", kuna mmoja kaomba kazi. Isipokuwa moja tu. Mwandiko wa kukimbia, kipande cha karatasi ya dawa, imeandikwa: Jumamosi saa nne usiku mapokezi hakuna mtu mpaka saa tano kasoro, mlinzi ndo anaandikisha wagonjwa. Basi, hakuna tusi hakuna salamu. Mkuu wa kituo akaenda kuibandua ratiba ya zamu ukutani, tukaangalia, kweli bwana, karani wa jioni anatoka saa nne na wa usiku anaingia saa tano, saa nzima katikati hapana mtu, na ratiba ilikuwa hivyo kwa zaidi ya mwaka na kila mtu anaiona kila siku. Ikarekebishwa palepale kwa kalamu, haikula hata senti moja.

Ndo maana nayoandika hapa yote yatazunguka hicho kitu kimoja, saa. Maoni yenye saa ndani yake yanaweza kushikwa, yasiyo na saa ni manung'uniko na manung'uniko hayana mwenyewe.

Kabla hujalalamika, jua foleni ya dharura inavyokwenda

Hapa ndo wengi tunakosea na ndo sehemu watumishi wanapotudharau, wanatuona hatujui tunachosema. Dharura sio foleni ya kwanza kuja kwanza kuhudumiwa. Ukifika unatakiwa upite triaji, yaani nesi anakupima upumuaji, mapigo, presha, joto, oksijeni, anakuuliza maswali mawili matatu, halafu anakupa rangi. Ipo mifumo kadhaa ila inafanana. Ule uliotengenezwa Afrika Kusini, ambao umesambaa nchi nyingi zenye hospitali zisizo na vifaa vingi, unasema nyekundu aonwe hapohapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya masaa manne. Ule wa Manchester huko Uingereza nao una nyekundu, chungwa na njano zenye muda uleule, ila kijani ni masaa mawili na ndo bluu inayofika manne.

Sasa ukiandika "nilifika wa kwanza nikaonwa wa saba", mkuu wa kituo atakujibu kiustaarabu kwamba wale sita walikuwa na hali mbaya kuliko wewe na hapo mazungumzo yamekwisha, kakushinda. Lakini ukiandika "nilifika saa 3:20 usiku, mtu wa kwanza kumgusa mgonjwa ilikuwa saa 4:25, kabla ya hapo hakuna aliyempima chochote", hapo hana pa kutokea, kwa sababu huwezi kusema mgonjwa huyu ni kijani anaweza kusubiri wakati hujampima. Kosa liko kwenye kutopimwa, kusubiri ni jambo lingine. Mtoto wa dada yangu usiku ule pengine alistahili chungwa, sijui mpaka leo, maana hakupewa rangi yoyote, tulikaa tu kwenye benchi.

Kwa hiyo ukiwa pale uliza bila ukali, "nesi, mgonjwa wangu mmempa rangi gani?" Swali hilo peke yake linafanya kazi. Kama amepewa atakwambia na utajua usubiri kiasi gani, kama hajapewa utaona wanavyoinuka.

Na hali ikibadilika usisubiri rangi, nenda useme, amezidi kubanwa, ameanza kuchanganyikiwa, hajibu. Triaji sio muhuri wa mara moja, anatakiwa apimwe tena.

Saa za kuandika ziko nne

Usiku wa dharura huwezi kuanza kujaza fomu na wala usijaribu. Mgonjwa kwanza. Usigombane na nesi wa zamu saa nane usiku kuhusu mfumo mzima wa afya, yeye yuko peke yake na wagonjwa kumi na nane na huyo uliyemtukana ndo anakuja kumchoma sindano ndugu yako. Chukua simu, fungua ujumbe ujitumie mwenyewe, na kila tukio likitokea andika neno moja tu, simu itaweka saa yenyewe. "Tumefika". "Amepimwa". "Daktari". "Dawa" au "ametoka" au "amelazwa". Basi, dakika nzima haiishi.

Hizo nne ukiziweka kwenye mstari zinakuonyesha wapi pamekwama, na mara nyingi sio pale ulipokuwa unadhani. Kutoka kufika mpaka kupimwa pakiwa parefu tatizo liko mapokezi au triaji. Kutoka kupimwa mpaka daktari, daktari ni mmoja au kaitwa wodini. Kutoka daktari mpaka dawa, hapo angalia maabara, famasia, dirisha la malipo, kuna vituo mgonjwa anatembezwa madirisha matatu kulipia vitu vitatu tofauti na ndugu anakimbia na karatasi usiku kucha. Na kuna kule kukaa kitandani dharura masaa kumi na mbili wakati daktari ameshaandika alazwe. Hii watu wanamlaumu nesi wa dharura, na nesi wa dharura hana la kufanya, wodi juu imejaa, wa wodini aliyepona hajaruhusiwa kwa sababu anayesaini ruhusa anapita asubuhi tu. Dharura inaziba kwa sababu mlango wa nyuma umeziba. Ukilijua hili maoni yako unayapeleka kwa mtu sahihi.

Ongeza saa ya tano kama unaikumbuka, saa dalili zilipoanza. Mtu aliyepooza ghafla upande mmoja, ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na sio wagonjwa wote wanafaa kuipewa, lakini saa ya kuanza ni swali la kwanza utakaloulizwa. Hiyo ni faida ya mgonjwa hapohapo, maoni baadaye.

Karatasi yenyewe iandikwe hivi

Siku moja au mbili baadaye hasira imepungua, mgonjwa anaendelea vizuri, kaa uandike. Mfano:

"Jumanne tarehe 14, tulifika dharura saa 3:20 usiku na mtoto wa miaka 6 anayepumua kwa shida. Mapokezi alikuwepo mtu, akatuandikisha saa 3:30. Alipimwa mara ya kwanza saa 4:25. Daktari alimwona saa 4:40 na mashine ya mvuke ikawekwa saa 5:50 kwa sababu ilikuwa imefungiwa kwenye chumba ambacho ufunguo alikuwa nao mtu wa zamu ya mchana. Daktari alitueleza vizuri na tulielewa. Naomba mashine ya mvuke iwe inakaa sehemu ambayo zamu ya usiku wanaweza kuifikia. Naomba nijibiwe kwa namba hii."

Angalia kilichomo. Tukio, saa, kitu kimoja kinachoombwa, na sifa pale panapostahili. Sifa usiidharau, sio kujipendekeza. Mtu wa zamu akisoma kwamba maelezo yake yalieleweka ataendelea kueleza, na hata lile lalamiko anakuwa tayari kulisikia. Ombi liwe moja, ukiomba mambo tisa watachagua rahisi kuliko yote, watapaka rangi benchi.

Jina la mtumishi usiliweke kama tatizo ni la mfumo, weka zamu na saa, wao wanajua nani alikuwepo. Na kama ni la mtu kweli, kuna njia yake, nakuja huko.

Mmoja haitoshi, kusanyeni

Karatasi ya mtu mmoja wanaweza kusema bahati mbaya, usiku ule ulikuwa mgumu. Zikiwa ishirini zinaonyesha Jumapili jioni kuna shimo. Sisi tulifanya wiki mbili, watu sita, daftari moja, maswali manne tu: ulifika saa ngapi, ulipimwa saa ngapi, uliondoka saa ngapi, kitu gani kimoja kingekusaidia. Tulijaribu mwanzoni fomu ya maswali ishirini na mbili aliyoileta mjumbe mmoja msomi, hakuna aliyeimaliza, wengine walikuwa wanaweka tiki zote "vizuri sana" ili waondoke.

Kuna mambo tuliyajifunza kwa kuumia. Usimuulize mgonjwa mlangoni nesi akiwa anasikia, atakwambia kila kitu kizuri, nani anataka matatizo na akirudi kesho? Muulize nyumbani, siku ya pili, au kwa simu. Usimuulize mwenye maumivu, muulize aliyemsindikiza. Fomu ya mtandaoni peke yake ni mtego, utapata maoni ya vijana wenye bando na ukadhani ndo wananchi, wakati wanaokwenda dharura sana ni wazee, watoto wachanga, wajawazito. Mama asiyejua kusoma maoni yake aseme, wewe uandike, umsomee, akubali. Kiziwi je, alipoitwa jina lake pale kwenye benchi alijuaje? Tulikuta mmoja aliitwa mara tatu, faili likawekwa pembeni wakadhani ameondoka, na alikuwa amekaa mbele yao.

Halafu watu muhimu kuliko wote ni wale ambao huwaoni pale: walioondoka bila kuonwa. Ukikaa mlangoni unahoji waliovumilia mpaka mwisho, matokeo yako lazima yatakuwa mazuri. Waliokata tamaa saa sita usiku wakarudi na mgonjwa wao nyumbani wako mtaani, watafute. Kituo kinaweza kukupa idadi yao kama wanaandika, linganisha walioandikishwa na walioonwa, tofauti ndo hao. Muulize pia dereva anayebeba wagonjwa usiku, anajua kituo gani geti linafunguliwa kwa kugonga nusu saa.

Na siri za watu. Daftari halina majina wala magonjwa. Picha ya dirisha la mapokezi lisilo na mtu na saa ya ukutani, sawa, picha ya mgonjwa kalala sakafuni hapana, hata kama nia yako njema, yule ni mama wa mtu na hakukuruhusu.

Kaeni na watumishi, ila sio kwa kuvamia

Ipo njia ya kadi ya alama ya jamii, shirika la CARE waliianzisha Malawi mwaka 2002, na imesambaa kweli. Wananchi wanakaa peke yao wanatoa alama kwa huduma, watumishi nao wanakaa peke yao wanajipa alama, halafu wote wanakutana wanaonyeshana na kuandika mpango wa pamoja. Kizuri cha njia hii ni ule mkutano wa watumishi peke yao, kwa sababu utasikia mambo ambayo huwezi kuyaona ukiwa kwenye benchi. Kwetu nesi mmoja alisema vipimo vya sukari vinaisha tarehe 20 kila mwezi kwa sababu oda inapigwa kwa hesabu ya zamani wagonjwa wakiwa nusu ya sasa. Sisi tulikuwa tumeandika "manesi wanakataa kupima sukari".

Nisikudanganye lakini kwamba kadi ni dawa. Uganda walifanya kitu cha namna hii kwenye vijiji vya vituo 25 wakalinganisha na vingine 25, utafiti wa Martina Björkman na Jakob Svensson uliotoka 2009, na ndani ya mwaka vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa chini kwa asilimia 33 upande waliokutanishwa. Kule waliokutanishwa pia zilionekana zaidi kadi za namba za foleni na masanduku ya maoni, na kusubiri kukapungua. Watu wakashangilia dunia nzima. Baadaye ukafanyika mwingine hukohuko Uganda, mkubwa zaidi, vituo zaidi ya 300, na vifo havikupungua, kilichoonekana ni ubora wa matibabu kupanda kidogo na wagonjwa kuridhika kidogo. Mimi navyoona, kikao hakitibu mtu. Kikao kinafaa pale ambapo mwenye uwezo wa kubadilisha jambo amekaa kwenye chumba na amepewa tarehe.

Basi mkienda kwenye kikao nendeni na ukurasa mmoja, mambo matatu. Yagaweni kabla hamjaingia: yasiyohitaji pesa (ratiba, ufunguo, kibao cha kuonyesha triaji iko wapi, mtu wa kuita majina kwa sauti na kwa mkono), ya pesa kidogo ambayo kituo kinaweza chenyewe, na ya pesa nyingi ambayo lazima yaende juu. Anzeni na ya kwanza hata kama ya tatu ndo yanauma zaidi. Mkianza na "tunataka madaktari watano" mtaambiwa bajeti, mtatoka mmeambiwa bajeti, mtarudi mwakani mtaambiwa bajeti. La ratiba likifanyika wiki hiyo watu wanaamini, na hata mkuu wa kituo mwenyewe anapata nguvu ya kuandika barua ya kuomba madaktari akiambatanisha saa zenu. Wakuu wengi wanazihitaji hizo namba kuliko mnavyodhani, wao wakilalamika wanaonekana wavivu, wananchi wakilalamika kwa ushahidi ni jambo lingine.

Kila lililokubaliwa liandikwe nani kwa cheo chake, nini, mpaka lini. Kama tarehe haipo hamjakubaliana, mmeongea tu.

Tahadhari moja kuhusu namba. England waliweka lengo la kila mgonjwa wa dharura awe ameruhusiwa, amelazwa au amehamishwa ndani ya masaa manne, ikifika mwisho wa 2004 asilimia 98 wawe wamefikiwa, 2010 ikashushwa kuwa 95. Kusubiri kulipungua sana, lakini ukiangalia muda wa wagonjwa kuondoka unaona wamerundikana dakika za mwisho kabla ya masaa manne kugonga, yaani saa ndo ilikuwa inawatoa wagonjwa. Kwa hiyo msing'ang'anie namba moja. Mkipima muda wa kuonwa, pimeni na waliorudi ndani ya siku tatu na ugonjwa uleule.

Mambo yasiyoenda kwenye sanduku

Kuombwa rushwa, kudhalilishwa, kupigwa, kifo chenye maswali, dawa iliyochomwa siyo. Haya usiyaandike kwenye karatasi ukatumbukiza. Andika barua, nakala mbili, peleka kwa mkono, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, omba namba ya kumbukumbu. Omba nakala ya faili la mgonjwa mapema. Wakikaa kimya bila kukujibu, panda ngazi, ofisi inayokisimamia kituo, baraza la taaluma la madaktari au la wauguzi, na kwa rushwa vyombo vya rushwa. Na kila barua itaje ya kabla yake kwa namba na tarehe. Hapo sasa jina la mtu linakaa, kama unalijua.

Kumrusha mtandaoni? Inafanya kazi haraka, sikatai. Niliona kituo kimoja video ikasambaa nesi anajibu vibaya, kesho yake akahamishwa, watu wakafurahi. Usiku wa zamu yake wakabaki manesi wawili badala ya watatu, na waliobaki hawakuongea tena na mgonjwa zaidi ya neno moja moja.

Baada ya mwezi

Rudieni vipimo vilevile, siku zilezile za wiki, masaa yaleyale. Mkipima Jumapili usiku mara ya kwanza halafu Jumatano mchana mara ya pili mtajipongeza bure. Matokeo yabandikwe pale kwenye benchi, upande mmoja mlichosema, upande wa pili kilichofanyika, na ambacho hakijafanyika kiandikwe hakijafanyika na sababu yake. Watu wakiona hakijafanyika kimeandikwa waziwazi wanaendelea kuandika, wasipoona chochote sanduku linabaki la mende.

Kwetu karani wa usiku anaingia saa nne kasoro robo siku hizi. Mashine ya mvuke iko wazi kwenye chumba cha triaji. Vipimo vya sukari bado vinaisha, sasa tarehe 26. Sanduku lina kufuli mpya na funguo mbili, moja kwa muuguzi mkuu moja kwa kamati, linafunguliwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi mbele ya watu watatu na idadi inaandikwa. Mwezi uliopita zilikuwa karatasi kumi na moja, nane zina saa, mbili hazisomeki, na yule jamaa wa kazi ameomba tena.